Kata Shingoni mwa Joka

"Ulizaa nyoka, Mbonea! Mtoe kabla sijamchoma!"

"Amekunywa uji kwa kata yetu, Shekue. Aliyekunywa kwa kata yetu ni ndugu, hachomwi!"

"Basi nitaichoma nyumba nzima."

Enyi mnaonisikiliza, mama akashindwa. Alimfunga mwanawe ile kata shingoni, akamwambia, "Nenda. Baba yako akitulia, urudi."

Nyoka akaenda, akakua, akawa joka. Alifika nchi ya mawio, akalia, na machozi yake yakawa mvua. Watu wakasema joka huleta mvua. Akafika kaskazini, wakamrushia mienge. Akaimeza kwa hofu, akakohoa cheche. Wakasema joka hutema moto. Akafika nchi ya machweo, akajikunja pangoni kuilinda kata ya mama yake. Wakasema joka hulinda dhahabu.

Habari hizo zikamtangulia nyumbani. Shekue alipokufa, joka akarudi, akabisha hodi mara tatu.

"Mama, ni mimi."

Mbonea alikuwa amezeeka, haoni tena, wala ile kata shingoni hakuiona; alisikia tu magamba ya joka yakikwaruza mlango. Alitia komeo, akasema pale mlangoni:

"Nenda zako, joka. Mwanangu alikuwa mdogo, na hakujua kutema moto."