Fisi Aliyepita Ukutani

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa mlango?
Tuingie!
Pakawa na mbwa mkali?
Tusiingie!
Haya, kaeni. Anayetafuna atafune kimya.

Hapo kale Fisi alimposa binti wa Bi Mbweha. Bi Mbweha akasema, "Kwanza nyumba. Mimi na mkwe wangu hatutazamani. Niingie, nile, nitoke, nisimwone. Nikimwona, hakuna ndoa."

Fisi mbio kwa Nungunungu, fundi wa kuchora nyumba. Huko kwao nyumba huchorwa kwanza uani kwa majivu, ukubwa uleule, wakwe waitembelee, ndipo ijengwe. Nungunungu akachomoa mwiba mgongoni, akachora. Akachora ukuta uliopinda kama kiwiko, mama akae huku, mkwe kule. Akachora dirisha, ukaona kabisa jua la asubuhi litaangukia wapi.

"Ongeza kitanda!" akasema Fisi. Nungunungu akaongeza, kamba mojamoja.

"Ongeza kigoda!" Akaongeza, na kivuli chake.

"Ongeza chungu cha nyama, upande wa mama mkwe, ajue atashiba!"

"Bwana Fisi, wewe na nyama nawajua."

"Chora, bibi! Kazi yako mkono, mdomo wa nini?"

Nungunungu akachukua mkaa na udongo mwekundu. Mafuta yakang'aa, mvuke ukapanda, nzi wakatua.

Bi Mbweha akaja na binti yake, kajitanda kanga. Akapiga hodi, akapita mlangoni, akaketi konani kwake.

"Karibu, mama! Sikuoni!"

"Ahsante, mwanangu. Nami sikuoni!"

Na wote wapo uani, mchana kweupe.

Fisi akakitupia jicho chungu. Akameza mate. Akatazama kando. Akakitupia jicho tena. Akameza mate. Mara ya tatu hakumeza: alipita ukutani, akalamba ardhi. Kuinua uso, pua kwa pua na mama mkwe.

"Uwii! Mkwe wangu amepita ukutani!"

"Mama, ni majivu tu!" Mdomo mwekundu wote.

"Na heshima ulidhani ni mawe? Ni mstari tu, mwanangu." Akamshika binti mkono wakaondoka, tena kwa kupitia mlangoni.

Fisi akalia, "Bibi, umeniponza!"

"Nyamaza," akasema Nungunungu. "Umenilambia nyama, hata haijakauka."

Ngano imefika kizingitini, imetoka zake. Asiyeuheshimu mstari wa jivu, ukuta wa jiwe ataupanda. Na wewe uliyecheka kuliko wote, amka ukanichotee maji.