Zamu ya Baba

Mpende mgawa maji, zamu usimwongezee.

Mmeisikia jana kwenye mkutano wa ushirika, mzee Kangero alipomrushia mwenyekiti anayetaka aachiwe kiti kwa mara ya nne, nanyi mmekuja kuniuliza ni mgawa maji gani huyo. Basi kaeni. Methali hii ilianzia nyumbani kwetu, na mgawa maji alikuwa baba yangu, Senkondo.

Huku kwetu Upareni tulikuwa na bwawa, tukiliita ndiva. Maji ya kijito yalikusanyika humo, kisha yakagawiwa mashambani kwa mifereji. Mgawa maji alikabidhiwa mti wa kuzibia tundu la bwawa, akaushika msimu mmoja tu. Shamba lake mwenyewe lilimwagiliwa la mwisho. Msimu ukiisha aliurudisha mti mbele ya watu wote, hata angekuwa malaika.

Mwaka baba aliposhika zamu, mvua iligoma. Maji yalikwisha kabla ya kufika kwetu. Mahindi yetu yalikauka, tukala ndizi za kuchemsha hadi tukazikinai, na baba hakujichotea hata kata moja. Watu walilia kwa kumwonea fahari. Wakasema, mtu kama huyu wa kubadilisha ni wa nini? Abaki na mti.

Aliyekataa ni bibi mmoja tu, Nakijwa, mjane jirani yetu aliyenifundisha kusuka vikapu. "Nampenda Senkondo kuliko ninyi nyote," alisema, "ndiyo maana nataka aurudishe huo mti." Wakamcheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Msimu wa pili baba alikuwa yule yule. Wa tatu, shamba letu likapata maji kabla ya wengine wachache. Watu wakasema anastahili. Wa nne likawa la kwanza. Aliyenung'unika alijikuta wa mwisho. Wala baba hakujiona mbaya. Kila mara alikuwa na sababu, na hapakuwa na wa kumwambia hapana.

Msimu wa tano, mahindi ya Nakijwa yalikuwa yameanza kubeba, majani yamejikunja kwa kiu. Alikuja asubuhi, akatukuta uani mimi na baba, akamwita kwa jina langu.

"Baba Namkunda, leo siku ya tisa sijapata maji."

"Subiri, mama."

"Mahindi hayajui kusubiri, mwanangu."

"Si wewe uliyetaka ninyang'anywe mti? Basi subiri."

Alinitazama mimi, hakumtazama yeye, kisha akaondoka. Mahindi yake yalikufa. Akafunga mzigo, akateremka tambarare kwa mpwa wake, kwenye joto asilolizoea, na kabla ya msimu kwisha tukaletewa habari kwamba amefariki.

Baba alikwenda bwawani watu wakiwa wamejaa, akauweka mti chini.

"Mlisema mnanipenda," alisema. "Sasa mbona hamkuniondoa?"

Tangu siku ile zamu ikarudi kuwa msimu mmoja, na kila anayepokea mti husomewa methali hii mbele ya wote. Baba aliishi miaka mingi baadaye, lakini maji ya bwawa lile hakuyanywa tena.

Kwa hiyo Ijumaa mkienda kupiga kura, msimtukane mwenyekiti wenu. Ni mtu mwema, namjua tangu mdogo. Waambieni tu wenzenu: mpende mgawa maji, zamu usimwongezee.