Moto wa Kwamsala

"Mikono igome, moto usigome." Ndivyo alivyowaambia katibu wa ushirika leo, mlipotaka kuivunja mashine ya kukobolea mpunga kwa hasira ya viongozi walioila fedha yake ya matengenezo. Nanyi mkanung'unika kwamba wazee hawakosi methali ya kumfunga kijana mikono. Hii haiwafungi mikono. Aliyeisema kwanza alikuwa mgomaji kuliko ninyi nyote mliokaa hapa. Sogeeni, chanzo chake ni hiki.

Pale Kwamsala palikuwa na kiwanda cha chupa. Chupa za soda, za dawa na za mafuta ya nazi zote zilitoka kwenye tanuri moja, na tanuri la kioo si jiko la mama yako. Likishawashwa huwaka miaka. Likipoa, kioo kilichoyeyuka huganda tumboni mwake, matofali yakapasuka, na mwenye mali akaona nafuu aende zake. Kwa hiyo watu wa tanuri walikuwa na desturi. Anayemaliza zamu humwambia anayeingia, "Moto huo." Anayeingia hujibu, "Nimeupokea." Jibu lisipotoka, wa kwanza haondoki, hata kama kwake kuna harusi.

Kilua Semhando alikuwa mkuu wa zamu, na pia mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi. Alikuwa mwanamke mkali wa maneno na mwepesi wa kucheka. Mumewe alizoea kulalamika kwamba tanuri lile ndilo mume mkubwa, yeye ni mdogo.

Ukuta wa tanuri ulipopata ufa, Kilua alimwarifu meneja, Bwana Fungameza, ambaye wenye hisa walikuwa wamemkabidhi kila kitu kwa kuwa wao waliishi mbali. Meneja akaahidi kuagiza matofali. Lori lilipofika lilishusha marumaru, ya kupamba nyumba ya wageni ya wakurugenzi. Ufa ukapanuka, kioo kikachuruzika na kumchoma fundi Shekigenda mkono wa kulia, na vidole vyake havikukunjuka tena.

Kilua alilia siku ile, mbele za watu, wala hakuona haya. Kisha chama kikafuata taratibu zake zote na kutangaza mgomo: hakuna chupa mpaka ukuta utengenezwe na watu wapewe mavazi ya kujikinga.

Wafanyakazi walipokusanyika langoni, Mbelwa, mpwa wa Shekigenda, alisimama mbele ya Kilua.

"Mama Mwenyekiti, tulizime. Wao hawakumhurumia mjomba, sisi tuhurumie tanuri?"

"Tukilizima, mkono wa mjomba wako utapona?"

"Hautapona. Lakini watatutambua."

"Watatutambua, kisha tutakwenda wapi? Tumegomea ukuta, mwanangu. Hatukugomea kazi yetu. Mikono igome, moto usigome."

Wakakubaliana moto upunguzwe, ulinde kioo kisigande na usiusukume ule ufa. Kilua akaingia yeye kwanza, maana pale ufani hapakuwa mahali pa kumtuma mwenzako. Zamu zikaendelea, desturi ikaendelea. Chupa haikutoka hata moja.

Sasa, moto mdogo hautoi moshi wa kuonekana mbali. Bwana Fungameza alichungulia dirishani mwa ofisi yake yenye kiyoyozi, akaona dohani safi, akaamini moto umezimika, na moyo wake ukatulia. Kwenda kutazama hakwenda, kwa kuwa joto la kule lilimharibia suti. Siku nyingi alitamani kukiuza kiwanja kile kwa watu wa maghala, na sasa amepata wa kusingizia. Akawaarifu wenye hisa na serikali kwamba wagomaji wameliua tanuri. Mafuta ya kuwashia tanuri akaacha kuagiza, kwani maiti hanywi.

Pipa kuu lilipokaribia kukauka, Kilua alikwenda kwa Afisa Kazi wa wilaya, Bwana Msangazi, mtu mpole aliyeogopa lawama.

"Mama, hiki ni kiwanda cha watu binafsi," alisema. "Serikali haiwezi kumwendeshea mtu biashara yake."

"Hatukukuomba ukiendeshe, baba. Mwamuzi hapigi mpira, lakini hakai nyumbani akasimuliwa mechi. Tunakuomba uje uone."

Bwana Msangazi alitazama chini kidogo. Kisha akachukua kofia yake, na kwa hilo mimi humheshimu mpaka leo.

Alimpitia meneja ofisini, wakaingia pamoja na Kilua ukumbi wa tanuri. Joto likawapokea mlangoni. Moto ulikuwa mwekundu, hai, na mbele yake alisimama Mbelwa, yule yule aliyetaka kuuzima, jasho likimtiririka. Alipomwona Kilua alisema, "Moto huo." Kilua akajibu, "Nimeupokea." Kisha akamgeukia meneja.

"Moto huo, Bwana Meneja."

Desturi ile Fungameza aliijua, maana alishawahi kuicheka. Lakini kuupokea moto ni kukiri kwamba upo. Akanyamaza.

"Basi siondoki," Kilua akasema, akavuta kigoda akaketi.

Afisa Kazi hakupaza sauti. Aliagiza mafuta yaletwe siku hiyo hiyo, na akawaita wenye hisa waje wenyewe, wasitume mtu. Walipokuja waliona ufa, waliona marumaru, wakauona na mkono wa Shekigenda. Fungameza aliondoka. Ukuta ukajengwa, mavazi yakaja, Shekigenda akalipwa fidia na kupewa kazi ya kufundisha vijana. Mgomo ukaisha hivyo, bila dirisha kuvunjika.

Muda wote huo Kilua alikula pale na kulala pale, na mumewe akamletea chakula huku akinung'unika. Meneja mpya alipofika, mizigo yake ikiwa bado garini, alikwenda moja kwa moja tanurini.

"Moto huo," Kilua alimwambia.

"Nimeupokea, mama."

Ndipo akainuka, akaenda nyumbani kuoga.

Basi kesho rudini ushirika. Wagomeeni wale viongozi, hata mimi nitakuja kukaa nanyi mlangoni. Lakini mashine ile mtaipaka mafuta kila asubuhi, kwa sababu mpunga ni wenu. Mikono igome, moto usigome.