Kiapo Kwenye Ziwa Ikwema

Aliyekula kiapo hali cha mwenzake. Mliisikia methali hiyo juzi madiwani wetu walipoapishwa, wanangu, mkaniuliza ilitoka wapi. Sogeeni basi niwaeleze ilikozaliwa.

Nchi tatu za milimani, Lutama, Chekeni na Mawera, ziliungana zikawa shirikisho moja. Hakuna aliyemshinda mwenzake vitani. Walikaa wakapatana, na mapatano yao yakaandikwa yakaitwa katiba. Jeshi, mipaka na barabara kuu zikakabidhiwa Serikali ya Shirikisho. Ardhi, maji na shule zikabaki kwa kila nchi, chini ya gavana wake na baraza lake. Ukizuka ugomvi kati ya mkubwa na mdogo, yaani Shirikisho na nchi mojawapo, Mahakama Kuu ndiyo iamue.

Gavana wa Lutama alikuwa Bi Sikudhani Malembo. Kabla ya uongozi alikuwa mkunga, na ukunga ulimfundisha kutulia watu wengine wanapopiga kelele. Utulivu huo ulijaribiwa mwaka wa ukame. Rais wa Shirikisho, Mwero, alikuwa mzaliwa wa Chekeni, na kule ng'ombe walikuwa wakifa njiani. Uchungu wa watu wake ukamkaa rohoni. Bila kuuliza mtu, akatuma wanajeshi na mitambo kuchimba mfereji kutoka Ziwa Ikwema, ziwa la Lutama, maji yapelekwe Chekeni.

Habari zilipofika, wanaume wa Lutama walijaa uani kwa gavana wakiwa na mapanga. Mbele yao alisimama Mashaka, mdogo wake wa kuzaliwa.

"Dada, tupe ruhusa," alisema. "Tukingoja mahakama tutakunywa tope."

"Na mkienda mtarudi wangapi?"

"Majaji wenyewe waliteuliwa na huyo huyo Rais."

Neno hilo lilimnyima usingizi hata Sikudhani mwenyewe. Lakini alijua damu ikimwagika pale ziwani, shirikisho limekwisha. Akawaomba wamngojee, akaenda mji mkuu kufungua kesi.

Mahakamani, wakili wa serikali alisimama akasema Rais alichaguliwa na wananchi wa nchi zote tatu, hivyo neno lake ni neno la wote. Jaji Mkuu, mzee mkavu asiyependa maneno mengi, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Alichaguliwa ailinde katiba," akasema, "hakuchaguliwa aipite. Nionyeshe mahali inapompa maji ya Lutama."

Wakili alifungua kurasa, akafunga. Mahakama ikaamuru uchimbaji usimame.

Sikudhani alirudi moja kwa moja hadi ziwani, hukumu mkononi. Alikuta mitambo ikinguruma, na watu wake wamejipanga upande wa pili, mapanga chini lakini karibu na mikono. Rais Mwero naye alikuwa amefika. Aliisoma hukumu ile, uso ukamkunjamana, akamgeukia Kanali Ngwalima aliyeongoza wanajeshi.

"Endelea kuchimba."

Kanali hakusogea.

"Kanali, mimi ndiye amiri jeshi wako."

"Ndiyo, Mheshimiwa, na nitakutii popote katiba inapokupa amri. Hapa haikukupa, maji haya ni ya Lutama. Ulikula kiapo mbele ya watu wote, nami nilikula changu. Aliyekula kiapo hali cha mwenzake."

Akainua mkono, na mitambo ikazimwa mmoja baada ya mwingine.

Rais aliyatazama maji. Kisha akavua kofia.

"Watoto wa Chekeni wana kiu, Bi Gavana," alisema kwa sauti ya chini.

"Najua, Mheshimiwa. Basi utuombe. Hukutuomba."

Siku iliyofuata Rais aliingia katika baraza la Lutama, akakaa kiti cha mgeni, akaomba. Wajumbe walibishana asubuhi nzima, Mashaka, mjumbe pia, akiwa mkali kuliko wote. Walipopiga kura, waliokubali walikuwa wengi, na Mashaka alikuwa mmoja wao. Mfereji ukachimbwa na vijana wa Lutama na Chekeni kwa pamoja, kwa kipimo ambacho baraza lilikiweka ili ziwa lisikauke. Maji yalipoingia Chekeni, vigelegele vilipokewa kutoka kilima hadi kilima, na katika nchi zote tatu hakuna mama aliyemlilia mwanawe kwa ajili ya ziwa lile.

Tangu hapo, katika shirikisho lile, hakuna rais, jaji, gavana wala askari aliyeapishwa bila kuambiwa neno la Kanali Ngwalima. Nanyi mkiona mkubwa amepewa nguvu nyingi, naye akasimama mlangoni kwa mdogo kabisa akabisha hodi, msidhani ameishiwa nguvu. Anakumbuka alichokiapa. Aliyekula kiapo hali cha mwenzake.