Mmea wa Zimwi

"Nianze, nisianze?"

"Anza!"

Basi, zimwi moja lilikuwa na mmea wa majani mapana, wenye madeko kuliko bi harusi. Lilipokwenda safari, liliuacha ukumbini kwa jirani yake, Mwanashani.

"Nitunzie. Nikirudi nikakuta hauna jani hata moja, namla mwanao."

Mwanashani akashikwa na hofu. Akautunza mmea kama mgeni, na kwake mgeni hakai na kiu. Jani likaanguka, akamimina kata ya maji. Jani likaanguka, akamimina kata mbili. Jani likaanguka, akamimina tatu, mtoto yu mgongoni, hamtui hata kulala. Likabaki jani moja, nalo limegeuka njano.

Jani likasema, "Mama, nilishiba tangu siku ya kwanza. Lakini kwetu mazimwini, mtu akikukaribisha, kukataa ni mwiko."

Likaanguka.

Papo hapo, mlangoni: "Hodi!"

Zimwi hilo ndani. Likatazama chungu cha mmea, jani hakuna, likanyoosha mkono kwa mtoto. Mwanashani akayakumbuka maneno ya lile jani.

"Ah, baba! Umetoka safari, hata maji hujanywa? Karibu."

Zimwi likasita, likanywa.

"Ongeza, baba."

Likanywa.

"Mbona unakunywa kama hupendi? Ongeza!"

Likanywa, macho yamelitoka, masikio yanaligeuka njano. Kisima kilipokaribia kukauka, zimwi likaanguka pwaa, kama jani.

Nanyi mkipita kwa Mwanashani, mkishiba, semeni mapema.