Sharubu la Upande Mmoja

Hapo zamani, katika mji wa Shangamu, alitawala Sultani Nadhifu, mtu aliyechukia maradhi ya watu wengine. Yake mwenyewe aliyaheshimu sana: akipiga chafya, ngome nzima ilinyamaza. Basi akapiga mbiu kwamba mtumishi atakayeugua, kazi yake imekwisha papo hapo, posho hana, na akigusa tena kazi ya Sultani mkono wake ukatwe.

Wa kwanza kuionja sheria hiyo alikuwa Feruzi, mpishi. Homa ilimshika akikoroga mchuzi, akatolewa nje kabla mchuzi haujaiva. Wakafuata wengine, hata vinyozi wawili waliofukuzwa kwa mafua tu. Feruzi akaenda kulala kwa shemeji yake Mbaruku, kinyozi wa tatu, fukara ambaye watu walimwita punguani kwa kuwa alitii kila neno kama lilivyosemwa. Ikawa uji wa watoto wa Mbaruku unagawanywa na mgonjwa, kila siku ukizidi kuwa maji. Mbaruku akaona uchungu, kisha akaona hatari: mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Ikafika siku ya Sultani kumwoa binti wa liwali wa Tumbini. Wageni wamejaa barazani, kadhi amekwisha kaa, ngoma zinalia. Kwa desturi ya mji ule, bwana harusi hunyolewa kichwa na sharubu asubuhi ya akdi, basi Mbaruku akaitwa. Akanoa wembe, akanyoa upande wa kulia wote, tangu utosini hadi mdomoni, safi kama kibuyu. Kisha akakohoa, akaufuta wembe, akaaga.

"Wenda wapi?" akauliza Sultani.

"Nyumbani, Maulana. Nimeugua kifua. Kazi yangu imekwisha papo hapo."

Sultani akamwamuru amalize. Mbaruku akasema angependa sana, ila mkono wake bado anauhitaji. Wakatajwa wale vinyozi wawili, maana mjini hapakuwa na wengine. Nao mikono yao ilikuwa chini ya sheria ileile. Akatishiwa kukatwa kichwa, akajibu kwa adabu kwamba maiti hanyoi. Waziri akashauri kilemba. Sultani akajitazama kiooni: kichwa kitafichika, lakini lile sharubu moja lililobaki likining'inia, kilemba gani kitalificha? Na huko nje liwali ameanza kuuliza kulikoni.

"Wataka nini, punguani wewe?"

"Mbiu nyingine, Maulana, ipigwe kabla ya akdi. Mtumishi akiugua apate posho yake hadi apone. Na wa kuachishwa kazi aambiwe mwezi mzima kabla, apate kutafuta pa kwenda."

Mbiu ikapigwa mbele ya wageni wote, nao wakamsifu Sultani kwa huruma yake. Feruzi akapelekewa mchele siku ileile. Kifua cha Mbaruku kikapona ghafla, akamaliza upande wa kushoto.

Fungate ilipokwisha, Sultani, hasira ingali ikimtafuna, akamwagiza waziri amfukuze kinyozi yule. Waziri akainama, akamkumbusha kuwa sheria yataka aambiwe mwezi mzima kabla.

"Na mwezi huo nani ataninyoa?"

"Yeye, Maulana. Kwa wembe wake."

Sultani akajishika koo, akafikiri, kisha akacheka, maana hakuwa na jingine la kufanya. Naye Mbaruku akazeekea katika kazi ile, na kila alipougua, uji wa ngome ulimfuata kitandani.