Mtungi Mkavu wa Lubaba

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Wasit palikuwa na soko la wauza pamba, na watu wake walikuwa wameahidiana jambo jema. Kila mmoja aliweka chochote katika sanduku la soko, ili duka la mwenzao likiungua lijengwe upya kwa mali ya wote. Sharti lilikuwa moja: kila mlango uwe na mtungi uliojaa maji, kutwa kucha. Mzee Ghailani, mshika amana wa sanduku, alipita kila asubuhi akitumbukiza mkono katika kila mtungi.

Sokoni humo alikuwamo mwanamke mchaji, Lubaba, na mumewe Muadhi, wenye duka la pamba. Siku moja mtoto wao alishikwa na homa, mwili ukawaka kama kaa. Kisima kilikuwa mbali, mtungi uko hapo hapo. Lubaba akayachota maji yote akamkanda mwanawe, huku akijisemea, nitaujaza baadaye. Mtoto akapata nafuu, akasinzia kifuani pake, naye akaogopa kuinuka asije akamwamsha.

Alasiri upepo ukapeperusha cheche kutoka chetezo cha muuza ubani. Pamba ya duka lao ikashika. Muadhi alikimbilia mtungi kwanza. Lubaba, aliyekwisha kutoka nje na mtoto kifuani, alimwona akiuinamisha, lisitoke hata tone. Basi Muadhi akaingia ndani kuokoa pamba ya watu aliyowekewa amana, na dari ikamwangukia. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Baada ya maziko, Mzee Ghailani akaja na wenzake, akasimama nje ya pazia.

"Mwanangu Lubaba, soko litakujengea duka lako. Asubuhi ile mkono wangu mwenyewe ulilowa mtungini mwenu."

"Ulikuwa umejaa, baba. Adhuhuri niliumaliza mimi."

Jirani yake Safana akamfinya. "We Lubaba, umerukwa na akili? Nani kakuuliza habari za mtungi? Yatima wako atakula ukweli wako?"

"Hakuniuliza mtu, dada. Aliyeukuta mkavu yuko kaburini. Nikinyamaza mimi, nani atasema?"

Mzee akalia mpaka ndevu zikalowa. "Sanduku ni amana ya watu, mwanangu. Sasa siwezi kulifungua."

"Najua, baba. Ndiyo maana nimekwambia kabla hujalifungua."

Duka halikujengwa. Chakula majirani walileta kutoka majikoni mwao, na Safana ndiye aliyetangulia. Eda ilipokwisha, Lubaba aliomba kazi moja tu: kujaza mitungi ya soko. Watu wakaongeza kila mlango mtungi wa pili, wa wagonjwa na wenye kiu, ili mama mwingine asije akafikwa na yale. Akazeeka katika kazi hiyo. Kila akimaliza mlango, alizamisha mkono mpaka kiwiko, akamwombea Muadhi, akasogea mlango unaofuata.

Tazameni, wapendwa. Ukweli haukumrudishia Lubaba mume wala duka. Ulimwezesha tu kumtaja mumewe kila siku bila kuinamisha uso. Mola atujaalie ulimi kama wake. Na mwenye mtungi aliosema ataujaza baadaye, ainuke sasa akaujaze.